Daktari Anaposema Mfupa Hautoshi: Implanti ya Jino na Kazi ya Kuongeza Mfupa

Mtu aliyeng'olewa gego miaka kadhaa iliyopita anakwenda kliniki kuulizia jino la kupandikiza. Amekwisha kusikia kwamba siku hizi meno yanarudishwa, pengine ameona hata tangazo la "meno mapya kwa siku moja". Anapigwa picha, daktari anaitazama, kisha anamwambia: mfupa wako hautoshi, tuuongeze kwanza, tusubiri miezi sita, ndipo tupande. Anatoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Mfupa umekwenda wapi, na taya halijavunjika wala halijauma? Huo wa kuongezea unatoka kwa nani? Na mbona mwenzake aliwekewa bila hayo yote?

Maswali hayo yote yanarudi mahali pamoja. Implanti ni kazi ya mfupa. Jino linaloonekana mtu akicheka ni hatua ya mwisho, na mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote. Muda wa kusubiri, ukubwa wa upasuaji, sehemu kubwa ya gharama na hatari zenyewe hutegemea mfupa uliopo na jinsi utakavyopona.

Tuanze na maneno, kwa sababu hata bei huvurugika hapo. Implanti yenyewe ni skrubu ndogo ya titani, aina ya metali, inayokaa ndani ya taya badala ya mzizi wa jino. Kwa kawaida ina urefu wa milimita 8 hadi 13 na unene wa milimita 3 hadi 5. Juu yake hufungwa kiungo kifupi kinachopenya ufizi, na juu ya kiungo huvalishwa taji, yaani jino la kauri tunalolitafunia. Watu huviita vyote vitatu "implanti". Kliniki moja inaweza kukutajia bei ya skrubu peke yake, nyingine ikakutajia ya vyote vitatu, nawe ukadhani ya kwanza ni nafuu. Uliza bei mpaka jino limekaa mdomoni, na uliza kama imejumuisha mfupa wa kuongeza.

Implanti hutofautiana na meno bandia ya kuvua, ambayo hukaa tu juu ya ufizi, na hutofautiana na daraja, ambalo hushikiliwa na meno jirani. Ili kuweka daraja, daktari hulazimika kuyasaga meno mawili ya kandokando na kuyavisha taji, hata kama ni mazima. Implanti haimgusi jirani. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mfupa unakwenda wapi?

Jino halikugandana na taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wenye nyuzi nyingi fupi, na jino limening'inia humo. Kila unapotafuna, nyuzi hizo huvuta ukuta wa mfupa unaozunguka mzizi, na mvuto huo, pamoja na damu inayopita kwenye utando, ndio unaoufanya mfupa ule uendelee kujikarabati. Sehemu ya taya inayoshika meno ilijitokeza pamoja na meno, na huishi kwa ajili yake. Jino likitoka na utando wake, mwili hauna tena sababu ya kuitunza.

Upungufu wenyewe ni wa haraka kuliko watu wanavyodhani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wa mfupa mahali pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa nje, ule wa upande wa mdomo na shavu, ndio unaoathirika zaidi. Kwenye meno ya mbele ya juu ukuta huo mara nyingi haufikii hata milimita moja, kwa hiyo huyeyuka mapema na kuacha bonde linaloonekana kwa macho. Baada ya hapo mfupa huendelea kupungua polepole kwa miaka.

Hakuna maumivu, hakuna uvimbe. Ndiyo maana mtu hushtuka anapoonyeshwa picha.

Meno ya kuvua hayazuii hali hii. Yanaukandamiza ufizi kutoka juu, na mkandamizo huo hauna ule mvuto wa nyuzi. Ndiyo sababu meno bandia yaliyokaa vizuri mwanzoni huanza kucheza baada ya miaka, na mwenye nayo akalaumu fundi aliyeyatengeneza. Taya lililo chini yake limebadilika umbo. Kwa aliyepoteza meno yote muda mrefu, kidevu husogea karibu na pua na midomo hudidimia ndani. Sura tunayoiita ya uzee, kwa sehemu kubwa, ni ya mfupa uliokosa meno.

Nyuma ya taya la juu kuna jambo la ziada. Juu ya mizizi ya magego kuna sainasi, uwazi mkubwa wa hewa ulio kando ya pua. Magego yakitoka, uwazi huo hupanuka kuelekea chini huku mfupa ukipungua kuelekea juu, na pengine ikabaki sakafu ya milimita chache tu. Kwenye taya la chini kizuizi ni kingine: mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Skrubu ikiugusa, mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo wa chini kwa miezi au kwa maisha yake yote. Madaktari huacha nafasi ya kama milimita 2 juu ya mfereji huo. Hapo ndipo umuhimu wa picha ya pande tatu unapoonekana, kwani eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene wake.

Skrubu inashikaje?

Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura. Alikuwa amefunga humo kifaa kidogo cha titani chenye dirisha la kuchungulia. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika moja kwa moja, bila kovu katikati. Mwaka 1965 alimwekea skrubu za titani mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na kasoro za taya tangu kuzaliwa. Larsson aliendelea kutafunia meno yake hayo mpaka alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo, wataalamu wengi hawakumwamini Brånemark kwa muda mrefu, na ni baada ya mkutano wa wataalamu huko Toronto, Kanada, mwaka 1982 ndipo njia yake ilipokubalika kwa upana.

Sayansi ile haijabadilika katika msingi wake. Titani ikikutana na hewa hujivika tabaka jembamba sana la oksaidi, na seli za mfupa huona tabaka hilo halina madhara, zikajenga juu yake. Lakini mfupa ni kiungo hai, na una masharti yake.

La kwanza ni joto. Mfupa ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja hivi, seli zake huanza kufa. Ndiyo maana keekee hutobolea kwa mwendo wa taratibu, hatua kwa hatua kutoka nyembamba hadi nene, huku maji ya chumvi yakimiminwa bila kukoma. Mgonjwa aliyepigwa ganzi husikia mtetemo na maji mengi mdomoni, lakini mfupa wenyewe hauumi jinsi watu wanavyouogopa. Wengi husema kung'oa jino kulikuwa kugumu zaidi.

La pili ni utulivu. Siku ya kuwekwa, skrubu inashikwa kwa kubanwa tu. Wiki zinazofuata mwili huondoa mfupa ulioumizwa na keekee na kuanza kujenga mpya, na ule wa zamani huondolewa kabla mpya haujakamilika. Kwa hiyo, kati ya wiki ya 2 na ya 4 hivi, implanti huwa dhaifu kuliko siku ile ya kwanza, wakati mgonjwa haumwi tena na anajiona amepona. Ikicheza wakati huo zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita hivi, badala ya mfupa hujengeka kovu laini, na kovu halishiki skrubu. Anayeambiwa atafunie upande mwingine ajue kwamba onyo hilo ni la wiki hizo hasa.

Kwa kawaida taya la chini, ambalo mfupa wake ni mgumu, huhitaji miezi 3 hivi. La juu lina mfupa wenye matundu mengi zaidi, na linaweza kuhitaji mpaka miezi 6.

Sasa, lile tangazo la meno kwa siku moja linasema nini? Linasema kweli, ila nusu. Ikiwa skrubu zimebana vya kutosha siku ile ile, daktari anaweza kufunga meno ya muda juu yake, hasa pale taya zima linapowekewa skrubu nne au zaidi zilizounganishwa pamoja zisaidiane. Kwa jino moja la mbele, taji la muda hupunguzwa lisigusane na jino linalokabiliana nalo kwenye taya jingine. Mtu anatoka na meno, lakini mfupa bado una miezi yake ya kufanya kazi, na meno ya kudumu huja baadaye. Anayekuahidi kwamba umemalizana naye siku ile ile, mwulize meno hayo ni ya muda au ya kudumu.

Huo mfupa wa kuongeza ni wa nani?

Vyanzo ni vinne. Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe: kipande huchukuliwa kwenye kidevu, nyuma ya taya la chini, au kwenye nyonga ikiwa kinahitajika kingi. Huu una seli hai, na kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa bora, ila unamwachia mgonjwa majeraha mawili. Wa pili ni mfupa wa binadamu aliyeutoa baada ya kufa kwake, uliosafishwa na kuhifadhiwa katika benki maalumu. Wa tatu ni wa mnyama, hasa ng'ombe, uliopitishwa kwenye joto kali na dawa mpaka nyama, mafuta na protini zote zikaisha, yakabaki madini tu. Wa nne hutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, bila mnyama wala mtu.

Mwenye mwiko wa dini au wa chakula ana haki kamili ya kuuliza, na aulize mapema. Si mfupa peke yake. Utando wa kolajeni, yaani protini ya mnyama, unaofunika mfupa ulioongezwa mara nyingi hutokana na nguruwe, na wagonjwa wengi hawaelezwi hilo wasipouliza. Zipo aina za ng'ombe na zipo za kutengenezwa. Daktari anaweza kuagiza nyingine akijulishwa kabla ya siku ya upasuaji.

Hofu ya pili ni kwamba mwili "utaukataa", kama figo inavyoweza kukataliwa. Figo hukataliwa kwa sababu ni kiungo hai chenye seli za mtu mwingine. Chembe za mfupa uliosafishwa hazina seli hai za kupigwa vita. Kazi hii inaweza kushindwa, ndiyo, lakini hushindwa kwa sababu nyingine: vijidudu kuingia, mshono kufunguka, damu kutofika, sigara.

Chembe zile hasa hufanya nini? Fikiria mmea wa kutambaa uliochomekewa mti pembeni. Mti haukui wala hauzai. Kazi yake ni kuupa mmea pa kukwea. Chembe za mfupa uliopandikizwa ni mti huo. Mishipa midogo ya damu ya mgonjwa hupenya katikati yake, seli zake za mfupa zikafuata, zikajenga juu ya kila chembe. Baadhi ya chembe huyeyuka na nafasi yake ikachukuliwa na mfupa mpya. Za ng'ombe huyeyuka polepole mno, na zinaweza kuonekana humo baada ya miaka zikiwa zimezungukwa na mfupa hai. Hilo si kosa. Mara nyingi daktari huzichagua kwa sababu hiyo hiyo, ili umbo lililojengwa lisinywee tena.

Kwa macho, ni kazi ya vitu vidogo sana. Chembe nyingi huwa na ukubwa wa robo milimita hadi milimita moja. Daktari huzimimina kwenye kibakuli cha chuma, huzichanganya na damu ya mgonjwa iliyochotwa pale pale kwenye jeraha, zikashikana na kuwa rojo nzito nyekundu. Huichota kwa kijiko chembamba, huishindilia taratibu mahali palipopungua, huifunika kwa utando, kisha hurudisha ufizi juu yake na kushona bila kuuvuta. Utando ule una kazi muhimu sana. Seli za ufizi hukua haraka kuliko za mfupa, na zikiachwa zitashuka na kujaza nafasi yote kabla mfupa haujaanza. Utando huzizuia kwa wiki au miezi kadhaa, kisha huyeyuka wenyewe ukiwa wa kolajeni.

Ikiwa kilichopungua ni kidogo, chembe na skrubu huwekwa siku moja. Kikiwa kikubwa, mfupa huongezwa kwanza na kuachwa miezi 4 hadi 9. Kwenye sainasi, daktari hufungua kidirisha ubavuni mwa taya, au hupitia tundu lile lile la skrubu, akauinua utando wa sainasi bila kuutoboa na kujaza chini yake. Anayefanyiwa hivyo huambiwa asipenge pua kwa wiki kadhaa na akipiga chafya afungue mdomo, kwa sababu shinikizo la hewa linaweza kusukuma kila kitu kutoka mahali pake.

Lakini wakati mwafaka kuliko wote wa kuufikiria mfupa ni siku ya kung'oa jino. Tundu likiwa bado bichi lina kuta zake, na kulijaza chembe pale pale hupunguza sana upungufu unaofuata, ingawa hauzuiliki wote. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kujenga upya baada ya miaka 5. Inanisikitisha kwamba watu wengi hung'olewa meno bila kuulizwa hata mara moja kama wana nia ya kuweka jino jingine baadaye. Swali hilo lichukue dakika mbili kabla ya sindano ya ganzi. Daktari asipouliza, uliza wewe.

Wala si kila upungufu lazima ujazwe. Siku hizi kuna implanti fupi za milimita 6 hivi zinazofaa mahali pengine, na zipo mbinu za kuiinamisha skrubu ili ikwepe sainasi. Kama umeambiwa unahitaji upasuaji mkubwa, kutafuta maoni ya daktari wa pili si kumvunjia heshima wa kwanza.

Nani aende kwa tahadhari

Umri mkubwa peke yake si kizuizi. Mwenye miaka 80 na afya nzuri anaweza kuwekewa. Umri mdogo ndio tatizo: taya la kijana bado linakua, meno yake husogea nalo, lakini implanti haisogei. Aliyewekewa akiwa na miaka 14 atajikuta baadaye jino lile limebaki juu kama lisilokua. Husubiriwa mpaka ukuaji wa taya uishe.

Mwenye kisukari kilichodhibitiwa vizuri huweza kupona karibu sawa na wengine. Kisichodhibitiwa huchelewesha uponaji na kukaribisha vijidudu. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, ile ile inayotakiwa kupenya kwenye chembe, na mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya kazi kushindwa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na anayetumia dawa za bisfosfoneti kwa ajili ya mifupa dhaifu au saratani, lazima aseme kabla ya kuguswa, hata kama dawa aliziacha zamani, kwa kuwa hukaa mfupani kwa miaka na taya linaweza kushindwa kupona. Anayesaga meno usingizini naye aseme.

Nimesikia pia watu wakiambiana kwamba implanti haiozi, kwa hiyo haina haja ya mswaki. Titani haitobolewi na wadudu wa meno, ni kweli. Ufizi na mfupa unaoizunguka ndio unaougua. Uchafu ukikaa shingoni mwa taji, ufizi huvimba, hutoka damu, na mfupa huanza kuliwa kutoka juu kushuka chini. Kwa kuwa implanti haina ule utando wenye nyuzi, kinga yake ni dhaifu kuliko ya jino la asili, na uharibifu unaweza kwenda kasi bila maumivu. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ndiye aliye hatarini zaidi, na ugonjwa huo utibiwe kwanza. Ikitunzwa, zaidi ya implanti 9 katika kila 10 huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 10.

Na kuna anayeweza kuacha pengo kama lilivyo. Jino la mwisho likikosekana, hakuna haja ya kulirudisha ikiwa lilikuwa jino la hekima. Na wapo watu wengi wanaotafuna vizuri kabisa bila gego la mwisho. Pengo la mbele, au mapengo kadhaa upande mmoja, ni habari nyingine.

Ukikubali kuwekewa, kuna karatasi moja ya kudai siku ya mwisho. Watengenezaji wa implanti ni wengi, na bisibisi ya mmoja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya mwingine. Taji likilegea baada ya miaka 8 ukiwa mji mwingine, daktari utakayemwendea atahitaji kujua jina la mtengenezaji, aina, unene na urefu wa skrubu iliyomo, pamoja na aina ya mfupa ulioongezwa. Omba viandikwe kwenye kadi, upige picha kwa simu, uihifadhi pamoja na vyeti vyako.